Mbogo Naye Apewe Barua ya Kuhama

Kihamba cha Sakaya,
Juu ya Kikatiti,
Agosti 1960.

Bwana Nyama mheshimiwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuwalinda wanyama wa kreta. Barua yako nimeipata. Askari wako Dismasi aliileta akanisomea mara mbili, ingawa mimi ni mzee wa kanisa na kusoma najua. Inasema nihame kihamba changu, shamba hili la urithi, baada ya mavuno ya kahawa, kwa kuwa nyumba yangu inaonekana kutoka ukingoni wanaposimama wageni kutazama wanyama, na inaharibu mandhari. Sikatai sheria. Nina malalamiko machache tu, na mengi ni juu ya mbogo mmoja mzee mwenye sikio lililochanika.

1. Bango lako linakataza mtu kushuka ndani ya kreta, wanyama wasisumbuliwe. Vizuri sana. Lakini mbogo huyu hupanda kila asubuhi, akasimama migombani kututazama tunavyokunywa uji. Hatujui kibali alipewa na nani.

2. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimwekea jembe. Alilikanyaga, mpini ukavunjika, akaendelea na mahindi. Nilipopiga debe aondoke, Dismasi alinionya kwamba ninawatisha wanyama wa Serikali. Tangu hapo hata kukohoa tunakohoa kwa adabu.

3. Mpaka wangu ulikuwa na masale aliyoyapanda baba yangu, ambaye amelala hapa hapa chini ya migomba. Huku Meru hata mlevi anayetoka pombeni haruki masale ya mwenzake. Na aliyekukosea akija na jani la mmea huo, jani la isale, mkononi, hata kosa liwe kubwa namna gani, husikilizwa na kusamehewa. Mbogo aliyapita tu. Wiki iliyofuata vijana wako wakayang'oa, wakachomeka nguzo ya zege. Sijui nani alimfundisha mwenzake.

4. Wageni wakichoka kutazama tembo, darubini zao huzigeuzia kwangu. Mke wangu Susana alikuwa akipalilia, mama mmoja wa Kizungu akampungia mkono, naye akampungia jembe. Dismasi akaja mbio kumwomba ajifiche nyuma ya banda, kwa kuwa wageni wameambiwa huku hakujawahi kukaa watu. Susana ana hasira hadi leo. Hata mimi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mbogo naye apewe barua ya kuhama. Kutoka nyumbani kwangu anaonekana vizuri sana, na mandhari yangu ameiharibu. Ahame baada ya mavuno, maana yeye ndiye anayevuna. Dismasi amsomee mara mbili.

Kama hilo ni gumu, basi utuandikishe sisi kuwa wanyama. Masharti tunayatimiza: tulizaliwa hapa, maji tunakunywa kijito kimoja na mbogo, na Susana akikasirika hata kifaru atampisha njia. Mnyama hapelekewi barua, wala haambiwi aliache kaburi la baba yake. Hapo ndipo penye uchungu wangu, Bwana. Mengine ni maneno tu.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, mpishi wako, na tembo wote kwa jumla.

Niliye mtiifu kwako, na niliye bado hapa,

Sakaya

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii mbogo amekuja tena, amesimama mbele ya mlango. Kwenye pembe yake limenasa jani la isale, nadhani kutoka kwenye masale machache yaliyobaki kando ya njia. Susana anasema ni bahati tu. Mimi ni mzee wa kanisa, lakini Mmeru nilianza kuwa zamani zaidi, na aliyekuja na isale hafukuzwi. Nimemsamehe mahindi, jembe na mengine yote, na ombi la kumhamisha nalifuta. Sasa umebaki wewe, Bwana. Masale bado yapo kando ya njia. Ukija, chuma jani moja tu.