Mkaguzi wa Maji ya Rejeta

Jumatatu, 3 Machi

Kimefika! Kimrija cheusi, urefu wa shibiri, kioo upande huu, tundu la kuchungulia upande ule. Rifraktomita. Nimelitamka mbele ya mafundi mara tano bila kujikwaa. Unadondosha tone la maji ya rejeta juu ya kioo, unafunika, unachungulia kuelekea mwangani. Mstari ukiwa juu, dawa ya kuzuia injini isichemke inatosha. Mstari ukiwa chini, dereva amejazia maji ya bomba. Basi.

Miaka kumi na moja nimekuwa mtunza stoo wa mabasi haya. Stoo haina dirisha. Sasa mkaguzi wa magari amestaafu na chumba chake kiko wazi: meza, kiti cha kuzunguka, dirisha linalotazama ua mzima. Leo Mama Bosi, mwenye mabasi, ametangaza mbele ya watu wote. Wiki hii nipime rejeta getini kila asubuhi. Ikifika Jumamosi jioni na hakuna basi lililochemka njiani, kazi ya ukaguzi na chumba ni vyangu. Likichemka hata moja, vinakwenda kwa fundi mkuu.

Fundi mkuu tunamwita Vidole. Mafuta, maji, grisi, yeye husugua tu kati ya vidole viwili, ananusa, anatoa hukumu. Karne hii! Namwonea huruma.

Jumanne, 4 Machi

Mabasi manane getini. Sita yamefeli! Nikayazuia hapo hapo. Madereva wakaomba dawa ya rejeta kutoka stoo. Nikasema sawa, ila utaratibu ni utaratibu: fomu nakala tatu, sahihi ya mkaguzi, kisha sahihi ya mtunza stoo. Wote wawili ni mimi, sikatai. Lakini kila sahihi ina ofisi yake, kwa hiyo ilinibidi nitembee getini hadi stoo na kurudi mara sita. Dakika arobaini kwa basi. Abiria wa Basi la Nne wameniita majina ambayo humu sitayaandika.

Vidole alipita, akachovya, akasugua, akasema mabovu ni sita. Kabahatisha.

Wakati wa chai nikaona niwagawie madereva elimu kidogo, labda hasira zitapoa. Nikadondosha maji safi: mstari sifuri. Nikadondosha chai ya Dereva wa Basi la Nne, yule tunayemwita Mpole, ambaye hutia vijiko vitano: mstari huoo, juu! Wakatoa macho. Nikawafafanulia kwamba chombo hakijali kitu gani kimeyeyuka, kinaona tu kwamba ni kingi. Wakatazamana, kama watu wanaoelewa. Mpole akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kaka, Mungu akubariki. Hakuna dereva aliyewahi kunishukuru tangu nianze kazi hapa. Nusura machozi yanitoke.

Jumatano, 5 Machi

Manane kwa manane! Yote yamefaulu! Hakuna fomu hata moja iliyoombwa. Siku moja tu ya ukali wangu, na watu wameshanyooka. Nimemwandikia Mama Bosi ripoti ya kurasa nne na mchoro wa rangi.

Mpishi wa kantini analalamika kwamba sukari yote imetoweka na chai ya leo imenywewa chungu. Akataka niitafute. Nikamwambia mimi sasa ni mtu wa vipimo, mambo ya vijiko awaulize wengine.

Alhamisi, 6 Machi

Vipimo vinazidi kupanda. Basi la Pili limepita namba ya mwisho kabisa, nimechungulia nikaona nyeupe tupu. Mwongozo hausemi lolote kuhusu hali hiyo, maana bila shaka waliouandika hawakutegemea madereva bora namna hii. Nimempa dereva wake cheti.

Kero moja ndogo. Sisimizi. Wamejipanga kutoka ukutani mpaka kwenye rejeta ya Basi la Nne, wanapanda, wanashuka, kama wana ratiba yao. Basi la Kwanza lina nyuki. Nimemfokea mfagizi kwa uchafu wa ua. Akanijibu kwamba yeye hafugi nyuki. Jeuri hiyo!

Nyumbani nimepima maziwa, dawa ya kikohozi na juisi ya mke wangu. Nikamtaarifu kwamba kwa kipimo cha juisi yake, injini ingechemka kabla ya kufika kona. Akasema vizuri, na mwenye injini ajipikie. Nimekula mkate.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepima dirisha kwa futi kamba, kwa ajili ya pazia. Mita moja na nusu. Nimekaa kwenye kile kiti nikazunguka mara mbili tu, nisije nikaonekana nina haraka.

Vidole akanikuta humo. Akafunga mlango nyuma yake, nikajua kijicho kimemleta. Akanionyesha vidole vyake: vimegandana. Eti amechovya Basi la Nne, na maji ya rejeta hayagandishi vidole. Akasema hataki chumba kwa njia hii. Akaniomba, ndugu yangu, twende sisi wawili sasa hivi, jua bado liko juu, tumwage rejeta zote nane na tutie dawa ya kweli, wala Mama Bosi hatajua.

Thubutu! Ningekubali, ingekuwa nimekiri kwamba vidole vinashinda chombo. Nikamwambia akanawe mikono. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi

Lo!

Mama Bosi alikuja asubuhi, amefurahi, ripoti yangu mkononi. Akasema anataka kujionea mwenyewe, atapanda basi kama abiria. Nikamchagulia Basi la Nne kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaona Mpole anameza mate. Nikadhani ni heshima.

Saa tano simu ikalia. Basi limechemka kwenye mlima, abiria wote wako chini barabarani, na Mama Bosi anauliza kwa nini rejeta yake inanukia kama keki inayoungua.

Tulipofika Vidole akafungua mfuniko kwa kitambaa, taratibu. Kulikuwa na uji wa kahawia, mzito, unavutika kama gundi. Mpole akakiri bila kupigwa. Fomu inamla dakika arobaini na abiria wanamtukana, sukari inamla dakika moja. Kilo mbili kwa basi, na wenzake wote saba wamefanya vivyo hivyo. Mama Bosi akamuuliza ni nani aliyemfundisha kwamba sukari inapandisha kipimo.

Watu wote wakanigeukia. Mimi nikachungulia kwenye chombo.

Chumba amepewa Vidole. Mimi, kuanzia kesho, nisafishe rejeta zote nane kwa mikono yangu. Nisiguse tena maji ya rejeta kwa kipimo. Chombo kirudi stoo.

Jumapili, 9 Machi

Rejeta nne. Maji ya moto, kumwaga, maji ya moto, kumwaga. Nyuki wamenifuata ua mzima.

Imeniuma. Niliutaka mwanga ule. Mke wangu ameniona nimejiinamia mezani, hakunicheka, ameniwekea chakula na kuniambia kula kwanza. Vidole naye alikuja na ndoo yake ya maji moto, akasafisha moja nami. Ningempenda zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

Jumanne, 11 Machi

Rejeta zote nane zinang'aa. Mabasi yametoka kwa wakati. Nimetafakari kwa utulivu na kugundua kosa lilikuwa wapi: madereva hawakupewa elimu ya kutosha.

Jambo jingine. Chombo kimerudi stoo kama Mama Bosi alivyoagiza. Na funguo za stoo anashika nani? Mimi. Alichonikataza ni rejeta. Betri hakuitaja kabisa, nami nimekichunguza chombo vizuri leo: pembeni kina safu nyingine ya namba, ya maji ya betri! Siku zote ilikuwepo, inanisubiri.

Nimebandika tangazo getini. Kuanzia kesho, basi ambalo maji yake ya betri hayafiki alama halitoki. Fomu nakala nne.

Gundi ya tangazo haijakauka, madereva wote wanane wakaja mlangoni mwa stoo, kofia mkononi, Mpole mbele. Wameomba niwape semina kuhusu betri, eti safari hii wanataka waelewe kila kitu tangu mwanzo. Nimeguswa sana. Nimewaambia waje na madaftari.