Mashine Yenye Homa

Jumatatu, 9 Oktoba 1989

Nianze na lile ambalo sijamwambia mtu, hata padri katika kitubio. Mwaka jana darasa letu lilipelekwa kutembelea ofisi moja yenye kompyuta. Bwana mwenye kukaa nayo alikubali kila msichana aandike jina lake. Kioo cheusi, herufi za kijani, kama majani ya sombe yaliyonyeshewa asubuhi. Tulikuwa ishirini na wawili. Mimi wa mwisho katika mstari, kama kawaida yangu. Nilipofika mbele, wote waligeuka kunitazama. Bwana yule akauliza kama nimekwisha kuandika. Nikasema ndiyo.

Nilikuwa sijaandika.

Akazima mashine.

Tangu siku hiyo, nikifumba macho, kile kioo cheusi kinaningoja. Shule nimemaliza mwezi wa saba. Mama anadhani ninanyamaza kwa sababu nawaza mchumba. Baba anadhani nina minyoo. Hakuna anayejua kwamba chini ya kitanda, ndani ya sanduku la Nkambo, mama yake Baba, ninajenga kompyuta. Au tuseme: nakusanya vitu ambavyo siku vikipatana vitakuwa kompyuta.

Televisheni tunayo. Matangazo yake yanaanza jioni tu, kwa hiyo mchana haina kazi. Transfoma ninayo. Ubao wa kubonyezea herufi ninao, ingawa hauna vibonyezo, una mpira wa chini tu. Unabonyeza kwa nguvu na kungoja. Kilichobaki ni bamba lenyewe, yaani ubongo. Kesho.

Jumanne, 10 Oktoba

Sokoni kwa Tonton Symphorien, ndugu ya Mama, mtengenezaji wa redio. Likizo nzima nimempangia skrubu zake kwa ukubwa. Malipo yangu: bamba moja, nichague.

Yako mawili. Dogo lina kumbukumbu kidogo, lakini linabaki baridi kama tumbo la chura. Kubwa linakumbuka mara kumi na sita zaidi, ila linachemka. Tonton akanishauri dogo. Alisema, "Chukua hii, mutoto. Ile kubwa iko na homa." Akauliza nataka kufanyia nini. Nikasema hesabu.

Jina langu lina herufi nane. Hilo dogo lingetosha, na nafasi ingebaki ya majina ya kambi yote ya wafanyakazi. Nikarudi nyumbani na kubwa. Nina sababu. Njiani kwenda sokoni nilikutana na Adrienne, tuliyesoma naye. Amepata mahali pa kujifunza kupiga chapa kwa mashine. Akanisimulia tena jinsi alivyoweka nyota kushoto na kulia kwa jina lake siku ile. Kisha akasema majina yote anayakumbuka isipokuwa langu. "Uliandika, Émé?" Nikasema niliandika. Uongo wa pili. Mtu aliyedanganya mara mbili hawezi kurudi na bamba dogo.

Tonton alinionyesha penye homa. Vipande viwili vya miguu mitatu, vidogo kama punje ya mahindi. Kimoja kinashusha umeme wa jumlisha, cha pili umeme wa kutoa. Vikichemka sana mashine inajizima na kusahau yote. Vikipoa inaamka, haijui hata ilikuwa nani. Na migongo yao ni ya chuma, akasema, isigusane hata siku moja. Ni kama bibi wawili wa bwana mumoja: kila mutu na nyumba yake.

Nimeandika hilo ili nisisahau.

Jumatano, 11 Oktoba

Baba kazini Panda, kwenye kiwanda cha shaba. Mama amekwenda ziwani Tshangalele kuchukua samaki. Nkambo Bibiane anasinzia kwenye kiti chake nje. Saa nne asubuhi. Nikawasha.

Televisheni yetu ya zamani inapata picha polepole kama mgonjwa anayeinuka. Ilipopata, vile vipande viwili tayari vilikuwa vinaweza kukaanga yai. Nikabonyeza. Ikatokea E. Moja, pembeni kabisa, juu.

Kisha giza.

Lakini niliiona. Ya kijani. E yangu mimi. Nilibaki nimeketi mbele ya kioo kilichozimika mpaka Nkambo akauliza kwa nini nyumba imenyamaza hivi.

Jumatano ijayo nitakuwa nimeandika jina zima mara mia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kupoza kwa maji. Sufuria ndogo, maji ya mtungi wa Nkambo kwa sababu ndiyo baridi kuliko yote, nikaiweka taratibu juu ya vile vipande na kipande cha mpira kati. Televisheni niliiwasha kwanza (nimejifunza). EME!

Kisha ikafika saa tano, kambi nzima ikaweka bukari, ugali wetu, kwenye resho za umeme kwa wakati mmoja. Umeme ukitoka bwawa la Koni saa hiyo unafika kwetu umechoka. Picha ikajikunja kama jani la mgomba kwenye jua, ikafa.

Nkambo ameuliza nani amekunywa maji yake. Nikasema joto la Oktoba. Ni kweli, kwa namna fulani.

Nilifikiria: nyumbani wote wananiita Émé. Herufi tatu. Ningeweza kusema nimemaliza kazi. Nikalifikiria hilo kwa muda mrefu. Hapana. Kwenye kioo cha siku ile Adrienne aliandika jina lake lote.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kupoza kwa upepo. Kipande cha katoni, kama tunavyopepea makaa ya mbabula. Mkono wa kushoto unapepea, wa kulia unaandika. EMERE. Mkono ukachoka kabla ya mashine.

Nkambo alisikia upepo akauliza nachoma nini mule chumbani. Nikasema karanga. Kosa. Alingoja karanga zake mchana kutwa, mara tatu akauliza kama hazijaiva. Jioni nikatoka kuomba karanga kwa Mama Albertine, jirani tunayegawana naye ukuta. Akanipa kikombe, akaniuliza kwa nini nina jasho hivi kama mtu wa kwenye tanuru.

Nimelala kitandani nawaza. Upepo unafukuza joto, hauli joto. Nahitaji kitu kinachokula joto. Baba husema kila siku mezani: dunia nzima inakuja kutafuta shaba yetu kwa sababu hakuna kinachobeba joto upesi kama yenyewe. Na mimi huu mwezi wa pili nalala juu ya shaba.

Ndani ya sanduku, chini ya mashine, umefungwa katika kitambaa: msalaba wa shaba. Mikono minne, mzito kama mtoto mchanga. Uliletwa kwa baba yake Nkambo siku Nkambo alipoposwa. Hakuna anayeugusa. Basi hakuna atakayejua.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sikukuu. Watu wote wamekwenda uwanjani kuandamana na kucheza kwa ajili ya chama. Adrienne yuko mstari wa mbele, bila shaka. Nikasema kichwa kinauma.

Msalaba ulikuwa mweusi, na kijani kwenye kona. Uchafu unazuia joto, hilo tulifundishwa. Nikausugua kwa limau na majivu saa nzima. Ukatoka mwekundu kama udongo wa barabara baada ya mvua. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi katika nyumba yetu.

Nikabana vipande viwili kwa vibanio vya nguo. Kimoja mkono wa juu, kingine mkono wa chini, mbalimbali kabisa, shubiri nzima kati yao. Maneno ya Tonton niliyasoma tena: visigusane. Havikugusana. Nikachana nywele. Sijui kwa nini. Mtu hawezi kuona jina lake mara ya kwanza na nywele zimesimama.

Nikawasha televisheni. Nikangoja picha. Nikachomeka mashine.

Pa!

Moshi, harufu ya kwato iliyoungua, kimya. Hata friji ilinyamaza. Kisha upande wa pili wa ukuta, sauti ya Mama Albertine ikiita watakatifu. Fyuzi za nyumba zetu mbili ni ndugu. Resho yake imekufa, bukari ya watu saba wanaotoka uwanjani iko nusu ya njia. Akaja na mwiko mkononi.

"Weye Émé, unafanya nini mule? Bukari yangu imegeuka uji!"

Nilikuwa nimeshika kibanio.

Baba akarudi na kitenge chake cha chama, akaukuta umati. Akatazama msalaba. Akatazama vile vipande, kimoja kwenye kila mkono. Nilidhani atanipiga. Alisema, "Minye nakula mukate ya shaba miaka kumi na tisa. Na mutoto yangu haijui kama shaba inapitisha kuranti." Kisha akacheka mpaka akatafuta pa kuketi. Kofi lingekuwa afadhali.

Shaba haibebi joto tu, inabeba na umeme. Hilo kila mtoto wa Likasi analijua. Nalijua hata mimi. Waya zote za mji huu ni shaba. Nilikuwa nawaza joto tu.

Tonton akaitwa. Aliangalia, akatikisa kichwa, akasema nimeweka bibi wawili nyumba moja. Vipande vimekufa na vipande vyote vinane vya kumbukumbu vimevifuata. Akaniachia bamba, akasema nilitumie kama sinia la kubebea vikombe.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikwenda misa. Nkambo pia hakwenda, miguu. Akaniita, akaomba msalaba.

Nilimpa kwa mikono miwili nikapiga magoti. Weusi ule ulikuwa wa miaka sitini, na mimi niliutoa kwa limau moja. Akauweka mapajani, akaugeuza, akajitazama ndani yake. Kisha akasema ulikuwa hivi siku ile. Ulipofika kwa baba yake uling'aa hivi, yeye alikuwa nyuma ya nyumba akichungulia, aliona mwanga wake ukutani kabla hajauona wenyewe. Alisahau kwamba ulikuwa mwekundu.

Akauliza nilikuwa nautakia nini. Nilimwambia, taratibu, kwenye sikio lake zuri: kuandika jina kwenye kioo. Sikusema jina la nani. Akasema yeye hakuna aliyewahi kuliandika lake mbele yake, ila karani wa posho, na hakumwonyesha.

Akaongeza kwamba misalaba ilikuwa miwili. Mwenzake uko kwa mdogo wake Hilaire, kando ya Tshangalele. Anazuia nao mlango usipigwe na upepo.

Jumapili, 22 Oktoba

Wiki nzima sikuandika. Watoto wa kambi wananiita Mama Kuranti.

Leo baada ya misa Tonton amekuja na lile bamba dogo. Kesho linakwenda kwa aliyelinunua, mwalimu mmoja wa Kambove, lakini leo ni letu. Nadhani Baba ndiye aliyemwomba. Hawakusema.

Halikupata moto hata kidogo. Niliweka kidole: baridi. Saa ya kwanza, saa ya pili, baridi. Watu wakajaa sebuleni. Mama, Baba, Mama Albertine aliyekuja kuhakikisha resho yake. Wao hawajui herufi zilipo, kwa hiyo mimi ndiye niliyebonyeza. Nkambo kwanza. BIBIANE. Nilimsogezea kiti mpaka karibu. Akapitisha kidole juu ya kila herufi, akauliza ya kwanza ni ipi, akaigusa tena. Alisema, "Kumbe minye niko murefu hivi." Hakuna aliyecheka.

Kisha la Baba. Kisha ALBERTINE, mara mbili, kwa sababu alitaka. Mama akataka la marehemu mama yake. Niliyafuta na kuandika, nafuta naandika. Langu nilikuwa nimeliweka mwisho. Niliona nafasi tupu, mahali pake, inapepesa.

Adrienne akaingia. Alisikia kelele. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya ofisini, akatazama kioo, akatazama mimi.

"Émé, na lako? Umekwisha kuandika?"

Wote wakageuka kunitazama.

Nikasema ndiyo.

Tonton akachomoa waya.

Jumatatu, 23 Oktoba

Bamba dogo limekwenda Kambove na basi la asubuhi. Sikulia. Nililia kidogo, nikipika, kwenye vitunguu.

Lakini jambo jema: nimefikiri vizuri. Kosa halikuwa bamba kubwa. Kosa lilikuwa msalaba mmoja. Bibi wawili, nyumba mbili, Tonton alisema tangu mwanzo. Ana mfuko mzima wa vipande vya miguu mitatu na kumbukumbu zilizotolewa kwenye mashine nyingine, na skrubu zake zimechanganyika tena. Alhamisi Mama anakwenda Tshangalele. Nimejitolea kumsindikiza kubeba samaki. Amefurahi sana, anadhani nataka kumwona mvuvi fulani. Nitamsalimia Nkambo Hilaire kwa heshima zote na kumpelekea jiwe zuri la kuzuia mlango.

Kila kipande kitakuwa na msalaba wake. Na ili misalaba isitingishike, nitailaza yote miwili juu ya lile sinia la shaba alilopewa Baba kwa miaka kumi na tano ya kazi. Nimelipima. Kati yao vitabaki vidole vinne. Haitagusana hata kidogo.

Safari hii nitaandika nikiwa peke yangu, mchana, mlango umefungwa, nywele zimechanwa.

Wewe unayesoma, kama si mimi: funga daftari, lirudishe chini ya godoro. Mambo ya sinia usimwambie Baba. Ya mlango usimwambie Nkambo Hilaire. Na ule uongo wa ukurasa wa kwanza, ule na ndugu yake wa jana, usimwambie mtu yeyote. Hasa Adrienne.