Kibali cha Kufungua Ng'ombe

Wananchi wapendwa, na nyinyi ambao bado hamjapendwa rasmi: kuanzia Januari mwaka huu, hakuna fundo litakalofunguliwa, sokoni wala nyumbani, pasipo kibali cha Idara ya Ufunguaji. Mkurugenzi ni mimi, Makokha wa Sirisia. Makao makuu yetu yako Kitale, karibu na choo cha soko, lakini mlango unatazama barabara.

Idara haikuanzishwa ovyo. Fahali alifunguka mnadani, akaingia kwenye hema la mkutano wa maendeleo, akala maua ya meza kuu na nusu ya hotuba. Serikali yenye heshima zake haiwezi kunyamazia jambo kama hilo.

Tukaenda hotelini Bungoma kuandika sera. Tuliiandika kwa Kiingereza ili iwe nzito. Neno lenyewe, "untie", lilitumaliza siku nzima. Kinyua, wakili wetu, alitusomea kamusi: unaweza kufungua fundo, unaweza kufungua kifurushi, kiatu, hata mateka.

"Swali ni hili," akasema. "Kinachofunguliwa hasa ni fundo, ni kamba, ama ni ng'ombe?"

Tukaagiza chakula kama watu wazima. Baada ya kuku na chapati tukaamua vyote vimo, na kulegeza pia kumo, maana mtu akianza kulegeza mnajua anaelekea wapi. Viatu tuliwaachia wenyewe, kwa huruma.

Vifungu viwili nilivitunga mimi mwenyewe. Cha kwanza: mwenye kibali awe mkurugenzi peke yake, ili kuzuia vurugu. Cha pili: asifungue fundo lolote ambalo ana maslahi nalo, ili kuzuia ufisadi. Kinyua aliniita mzalendo, nami nikamwamini haraka sana.

Agosti nikapeleka mahari Saboti. Niseme ukweli: nina miaka arobaini na sita, na Sally Chemutai ndiye mwanamke wa kwanza kunicheka kisha akanipenda hivyo hivyo. Nilimtaka kuliko cheo, na cheo nakipenda sana.

Tulifika na ng'ombe wanne, mjomba wangu Wabwile akiwa msemaji, tukawafunga kwenye ua wa baba yake Sally, Mzee Kiptum. Katika boma lile ng'ombe wa mahari hajafika mpaka mtu wa pale amfungue kwa mkono wake, na bwana harusi arudi kwao na kamba tupu. Asipofunguliwa, huyo ni ng'ombe wa mgeni, anapumzika tu, na ndoa hakuna.

"Mzee, ng'ombe ndio hao," mjomba akasema. "Mufungue, tukunywe chai."

"Tufungue na kibali gani?" Mzee Kiptum akauliza.

Mjomba akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Mimi nilikuwa karani wa chifu," mzee akaendelea. "Siwezi vunja sheria nikiwa na hii mvi. Lakini si mwenye kibali ni huyu? Afungue yeye."

"Siwezi, baba," nikasema. "Nina maslahi."

"Maslahi gani?"

"Sally."

"Aa. Basi tungoje afisa mwingine."

"Hakuna mwingine, baba."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mwezi wa tano nilileta dume Kitale niuze. Ikasimama kwa jua mpaka jioni. Ati mkurugenzi ako semina Bungoma. Nikarudi nayo nyumbani. Sikukasirika, bana. Serikali ni serikali."

Chai ikaletwa, ikanywewa, ikaisha. Jua likaelekea nyuma ya mlima Elgon. Ng'ombe wakaanza kulia kwa kiu.

"Makokha," mjomba akaninong'oneza, "huu upuzi uliandikwa na nani?"

"Kamati."

"Kamati ilikuwa nani?"

"Mimi na Kinyua."

Akasogeza kiti chake mbali na changu. Nikaogopa. Nilijiona nikivuka Saboti na ng'ombe wale wale, watu wakitoka madukani kuangalia, na Sally akibaki kwao kwa sababu ya kifungu cha pili.

Ndipo Sally akatoka jikoni, akijifuta mikono kwa leso. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe wa kwanza, akainamia fundo.

"Sally," nikasema kwa sauti ya ofisini, "hilo ni kosa chini ya..."

"Makokha," akasema, "angalia mlima."

Nikauangalia. Ni mlima mzuri, sijui kwa nini sikuwahi kuutazama hivyo. Nyuma yangu nilisikia kwato zikienda kwenye maji. Nilipogeuka, Sally alinitwika kamba zote begani.

"Na mimi nilikuwa naangalia mlima," Mzee Kiptum akasema. "Karibu, mkwe."

Nilipita Saboti na kamba tupu begani, nikicheka kama mjinga, na kila mtu akaziona.

Siku ya soko Kitale nikasimama langoni na kofia yangu ya idara, habari za Saboti zikiwa zimenitangulia. Wekoye, mchuuzi wa ng'ombe, akaja mbele yangu na mtamba aliyemuuza, akashika fundo.

"Mkurugenzi, shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Basi angalia mlima kidogo."

Nyuma yake soko zima lilikuwa na mikono kwenye mafundo, likiningoja. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeufunika mlima wote. Nikageuka, nikauangalia hivyo hivyo mpaka soko likaisha.