Upande wa Pili wa Kanda ya Polycarpe

Jumatatu, tarehe 3 Novemba 1975

Mvua tangu asubuhi. Nimefundisha darasa la tatu kugawanya kwa nane. Nusu yao wamelala.

Wakati wa kurudi nimeona tangazo kwenye ukuta karibu na soko la Kadutu. Kamati ya utamaduni inatoa zawadi kwa albamu bora ya rythm and blues, ile miziki ya Waamerika weusi ya kulia huku unacheza. Albamu iletwe kwenye kanda, nyimbo zisipungue tatu. Itakayoshinda itapigwa redioni kila Jumapili baada ya misa, mwaka mzima.

Mwaka mzima. Nimesoma mara mbili, maji yananiingia shingoni.

Mke wangu Adélaïde alikufa mwezi wa pili. Ninayo kanda moja yenye sauti yake. Mama yake, kule Mudaka, hatoki tena kitandani, lakini redio iko karibu na kichwa chake. Lazima nishinde.

Jumatano, tarehe 5

Nimesikiliza kanda upya. Niliirekodi mwenyewe jikoni, yeye akichagua maharagwe. Nyimbo mbili, chini ya bati. Mvua ndiyo inaimba, Adélaïde anaitikia. Alizoea kugonga ungo kwa pete yake. Pete inasikika vizuri. Sauti, kidogo sana.

Wimbo wa tatu haupo. Nimefunga kitenge chake kiunoni ili kupata roho ya kazi, nikageukia ukuta, nikaimba kwa sauti nyembamba. Shemeji Euphrasie, mdogo wake, anayeniletea chakula siku hizi, akaingia bila hodi. Akauliza kama mbuzi ya jirani iko ndani. Kisha akaona kitenge. Akakaa chini, akalia. Nami nikalia.

Kanda ilikuwa inazunguka bado. Nimeamua kilio hicho ndicho wimbo wa tatu. Rythm and blues kuliko hiyo sijui.

Jumamosi, tarehe 8

Nimepeleka kanda kwa Citoyen Mugisho, katibu wa kamati. Amesema ni ya nne kufika. Ya tatu ni ya Polycarpe.

Polycarpe! Adélaïde aliimba katika orchestre yake kabla sijamwoa. Siku ya kilio alifika na gitaa, akaomba kupiga wimbo mmoja. Nilimkatalia mbele ya watu. Akarudisha gitaa katika mfuko, akakaa kwenye mvua mpaka tulipotoka kwenda makaburini. Hatujasemezana tena.

Mugisho anasema kanda yake ilirekodiwa katika salle ya paroisse, ule ukumbi wa kanisa, mikrofoni mbili, safi kama sahani ya Ulaya. Yangu ameitikisa karibu na sikio, kama anayetafuta kama ndani mna kitu.

Sikula.

Jumapili, tarehe 9

Euphrasie ameteleza ulimi. Alikuwa anamenya ndizi, akasema yule papa Polycarpe iko na kichwa nguvu: ameandika jina la ubatizo juu ya boksi ya kanda, na majina hayo serikali imeyakataza, kamati ikiliona wataitupa. Mugisho hajaliona, maandishi ni madogo. Kisha akaniangalia, akafunga mdomo, akasema ndizi ni chungu mwaka huu.

Polycarpe na majivuno yake. Sote tumechukua majina ya babu. Mimi kazini ni Mushagalusa. Yeye peke yake anataka kubaki mtakatifu.

Adélaïde alizoea kusema juu yangu: Barthélemy akinyamaza sana, fungeni kuku.

Leo nimenyamaza sana.

Jumatatu, tarehe 10

Nimeandika barua kwa kamati, kwa mkono wa kushoto. Nimesema kanda ya tatu ina jina la kigeni, sheria ifuate mkondo wake. Sahihi: Raia Mwema. Karatasi ilikosekana, nimetumia mgongo wa mtihani wa hesabu. Saa ya mapumziko nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi.

Mkono wa kushoto unauma. Moyo, hapana. Bado.

Jumamosi, tarehe 15

Sherehe. Mjumbe wa kamati alitoa hotuba ndefu juu ya utamaduni, wakati Mugisho anairekodi. Zawadi imekwenda kwa kundi la Mwenga lenye akordeoni. Hakuna aliyejua rythm and blues ni nini, na wao walivaa vizuri.

Kanda yangu ilitajwa. Walisifu mvua.

Kisha Mugisho akasema kanda ya tatu imeondolewa. Akainua boksi, akasoma mbele ya wote: «Kwa ukumbusho wa Adélaïde, sauti ya kwanza ya orchestre yetu. Upande wa pili, nyimbo zake zote.» Akamshukuru Raia Mwema aliyeandika nyuma ya hesabu za darasa la tatu. Akaongeza, na watu wakacheka, kwamba kanda ni bidhaa adimu, haiwezi kutupwa. Hotuba ya mjumbe imeingia humo, upande uliokuwa juu. Wa pili.

Polycarpe alinitafuta kati ya viti. Nilidhani atanipiga. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, «Papa, unisamehe. Shemeji yako alijua, mimi ndiye nilimukataza kukuambia. Nilitaka usikie redioni, ikuwe zawadi ya kumaliza kilio. Sina ingine. Ilikuwa ile moja.»

Nilimwambia si kosa lake. Hilo lilikuwa kweli.

Euphrasie alikuwa nyuma yake. Anajua karatasi za shule yangu, hufungia chumvi ndani yake. 

Jumapili, tarehe 16

Euphrasie hakuja. Sufuria yake nimeiosha, nimeiweka karibu na mlango.

Jumatatu, tarehe 17

Nimekwenda nyumbani kwa Mugisho kuomba kanda. Amekataa. Ni mali ya kamati sasa, ina maneno ya mjumbe. Nimeomba kusikiliza tu. Akaona macho yangu, akaleta mashine.

Hotuba yote, mpaka makofi na mtu anayekohoa. Kisha kelele ndogo. Kisha yeye.

Bila mvua. Nilikuwa nimesahau kwamba hukaza herufi za mwisho, kama anayefunga mlango polepole. Amemaliza ubeti mmoja tu, akakosa kuingia mahali pake, akacheka. Akasema: «Ngoja, nimekosa. Tuanze tena.» Kanda ikaisha.

Niliomba mara ya pili. Mugisho akasema betri ni ghali. Akaizima mashine, akaifungia kanda kabatini, ufunguo mfukoni. Wakati huo mke wake akaita kutoka jikoni kwamba chakula kiko tayari. Akamwita mumewe Jean-Baptiste.

Katibu wa kamati. Jean-Baptiste, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya shahidi. Akiondolewa, atakayeshika ufunguo baada yake huenda akawa mtu wa huruma.

Nimefika nyumbani. Nimekaa. Nimenyamaza sana.

Barua nimeianza kwa mkono wa kushoto. Safari hii nimenunua karatasi safi.