Popo Watatoka kwa Hiari

Mkurugenzi wa Nyumba za Watumishi alitangaza Jumatatu asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote waliopangwa mistari kwenye maegesho ya magari, kwamba serikali haitamtoa popo hata mmoja kwa nguvu.

"Popo wanaoishi kwenye dari ya nyumba namba moja wataondoka kwa hiari yao," alisoma, "kwa utu, kwa staha, na bila kuguswa bawa. Dunia inatutazama."

Dunia ilikuwa na shughuli nyingine. Waliokuwa wanatazama ni makarani, madereva na mama wa chai, na wote walijua kwamba nyumba namba moja ni ya Mkurugenzi mwenyewe. Walipiga makofi hata hivyo, maana jua lilikuwa kali na mikutano ya idara ile ilikuwa haiishi mpaka makofi yapigwe.

Tumtendee haki Mkurugenzi. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kabla ya kufikia uamuzi huo alikuwa amejaribu kila njia ya kistaarabu. Alifukiza moshi, akakohoa yeye. Aligonga dari kwa mpini wa fagio, akamwagikiwa kichwani na vitu ambavyo hakupenda kuvitaja mezani. Akaweka redio chini ya dari, ikawa inasoma hotuba za viongozi mchana kutwa, na popo wakalala vizuri kuliko zamani.

Kuhama hakukuwa jambo la kufikiria. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na sheria ilisema wazi: mtumishi anayestaafu akiwa bado anaishi kwenye nyumba ya serikali anaruhusiwa kuinunua. Akishahama, hata kwa bahati mbaya, nyumba inarudi idarani apewe mwingine. Na nyumba namba moja haikuwa nyumba ya kuachia. Ilikuwa na baraza pana, sakafu ya mbao, na bafu lenye dirisha ambalo mtu akisimama anauona mji wote chini yake akiwa na sabuni usoni. Mkurugenzi alikuwa ameshachagua kona ya baraza atakapoweka kiti chake cha uzeeni.

Kuhusu watu kuhama, yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Aliyeleta Utaratibu wa Hiari ni yeye.

"Katika utumishi wangu wote sijamtoa mtu nyumbani," alipenda kusema. "Watu hutoka wenyewe."

Ni kweli. Idara ilikuwa inasubiri tu. Mtu akitoka kwenda sokoni, hospitali au harusini, fundi wa kufuli anapita. Kuna mjane wa mpima ardhi alitoka kwenda kumzika mumewe. Aliporudi alikuta kufuli jipya mlangoni na vyombo vyake vimepangwa barazani, vikombe juu, sufuria chini. Alikwenda ofisini analia. Mkurugenzi alimvutia kiti, akamletea maji ya kunywa.

"Mama, kuna mtu alikusukuma?"

"Hakuna, lakini..."

"Basi umehama. Pole sana na msiba."

Wala hakupandisha sauti. Naibu wake, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama pembeni na peni yake, anajifunza kazi.

Kwa hiyo idara ya wanyamapori ilipomleta mtaalamu wake, mama mmoja wa viatu vya mpira ambaye kila mtu alimwita Mama Popo, Mkurugenzi alimpokea kwa tahadhari. Alitegemea kusikia habari za sumu. Mama Popo aliomba viti viwili, akaviweka uani, akaangalia jua linavyoshuka.

"Mkuu, zima taa ya barazani ukae hapa. Tuwaone wanatokea wapi."

Walikaa. Giza lilipoanza kuingia, kwenye pembe ya paa, pale ubao wa pembeni ulipoachana na ukuta, popo wakaanza kumwagika kama pumba zinazopepetwa.

"Umeona? Huo mwanya ndio mlango wao mkubwa," alisema Mama Popo. "Vitundu vingine vyote tunaviziba kwanza. Huu tunauvalisha wavu laini. Juu tunaukaza, chini tunauacha wazi. Popo akitaka kutoka anatambaa kushuka, anapita chini ya wavu, anaruka zake. Akirudi anatua palepale alipozoea, anakuta wavu. Wala hajui kwamba njia iko chini."

"Ina maana hakuna anayemtoa."

"Hakuna."

"Ametoka mwenyewe."

"Kwa miguu yake na mabawa yake."

Mkurugenzi alitoa leso akafuta macho. Miaka yote alidhani Utaratibu wa Hiari ni akili yake, kumbe hata wataalamu wa viumbe wameufikia.

"Leta wavu," alisema. "Tuuweke leo."

"Leo haiwezekani. Sikiliza." Kwenye dari kulikuwa na vilio vyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Wana watoto. Ukiwafungia mama zao nje, watoto watakufa humo ndani, nyumba itanuka mpaka ustaafu. Na mama zao hawatakwenda popote. Watazunguka nyumba nzima wanatafuta upenyo, mwisho wakukute bafuni. Tunasubiri watoto wajue kuruka."

Kesho yake iliundwa Kamati ya Uzazi wa Popo. Kikao kilikaa tangu chai mpaka chakula, kikaamua kwamba popo wote wanaonyonyesha wako likizo ya uzazi, na kwamba kelele zozote ndani ya nyumba namba moja zisizidi sauti ya kijiko. Wajumbe waligawanyika kuhusu popo madume. Mhasibu alitaka waondolewe mara moja kwa kuwa hawanyonyeshi, lakini haikupatikana njia ya kuwatambua bila kuwadhalilisha.

Mkurugenzi alimpelekea mkewe habari hizo jioni, kwa sauti ya kijiko.

"Likizo ya uzazi," mkewe alirudia. Alikuwa anakagua kikombe chake kwa ndani. "Mimi mtoto wetu wa kwanza nilimwacha kwa jirani shingo haijakaza. Idara yako ilisema haiwezi kunipa hata siku ya kupumua."

"Wakati ule hatukuwa na sera."

"Na hawa wana sera?"

"Wana kamati."

Mkewe aliinama akamwonyesha kilichokuwa ndani ya kikombe. Kisha akaenda kabatini akatoa begi.

"Nakwenda kwa dada yangu. Wakishamaliza likizo utaniambia. Twende wote, Baba Watoto, acha ubishi."

"Mimi sitoki. Unajua kwa nini sitoki."

"Najua. Baki na wenzako wanaoning'inia."

Akabaki. Chakula alikula mwavuli ukiwa umefunguliwa juu ya meza. Ofisini alikwenda bila wasiwasi, kwa sababu saa za kazi fundi wa kufuli alikuwa mbele ya macho yake, lakini Jumamosi na Jumapili hakuvuka baraza. Alialikwa harusi, akatuma zawadi. Jino lilimuuma, akalisubirisha shavu likiwa limefura. Aliyewafungia watu wengi mlango alikuwa anajua mlango unavyoweza kumgeuka mtu.

Hatimaye Mama Popo alikuja jioni moja, akakaa uani, akahesabu wadogo wakitoka nyuma ya wakubwa, akaitikia kwa kichwa. Vitundu vikazibwa, wavu ukafungwa. Na kwa kuwa Mkurugenzi hakutaka isemwe kwamba serikali yake imemtupa popo barabarani, aliagiza seremala atengeneze sanduku la mbao lenye vyumba vyembamba, likapigiliwa juu ya nguzo kwenye kona ya uwanja. Alilizindua yeye mwenyewe. Alikata utepe.

Popo walitoka jioni hiyo na zilizofuata, mpaka dari ikawa kimya. Mama Popo alipanda ngazi kuhakikisha hakuna aliyebaki, akautoa wavu, akaziba ule mwanya mkubwa kwa ubao na simenti.

"Bado kinyesi," alisema. "Kikikauka vumbi lake linaharibu mapafu. Vijana watakilowesha kwanza, wavae barakoa, wakizoe. Wewe utupishe, Mkuu. Rudi jioni pakishakauka."

"Nitoke?"

"Utoke. Au upumue popo."

Mkurugenzi aliitazama ile kona ya kiti chake barazani. Halafu akafikiri: nani atathubutu? Akamwita Naibu.

"Simamia zoezi. Kila upenyo ufungwe."

"Kila upenyo, Mkuu."

"Na utaratibu ufuatwe kama siku zote. Watu wasije wakasema nyumba ya mkubwa ina upendeleo."

"Kama siku zote, Mkuu."

Alikwenda kwa shemeji yake akiwa mwepesi, akala bila mwavuli, jino nalo likang'olewa akiwa njiani kurudi. Jioni alirudi na mkewe, begi mkononi, wanacheka kama vijana. Waliacha kucheka kwenye ngazi za baraza.

Mlangoni kulikuwa na kufuli jipya. Barazani, kwenye ile kona aliyoichagua, vyombo vyao vilikuwa vimepangwa vizuri, vikombe juu, sufuria chini.

Mkurugenzi alivuta kufuli, likamkatalia. Akaenda mlango wa jikoni, umefungwa. Akajaribu dirisha la chumbani, la stoo, akapanda juu ya ndoo akajaribu la bafuni. Naibu alikuwa amefanya kazi ya uhakika. Kwenye dirisha la sebuleni alimwona mke wa Naibu na utepe wa fundi cherehani, anapima mapazia.

Naibu mwenyewe alitokea na kiti mkono mmoja na glasi ya maji mkono wa pili.

"Kaa, Mkuu."

"Fungua mlango."

"Kaa kwanza. Mkuu, kuna mtu alikusukuma?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Pale jino lilipokuwa palikuwa panavuja damu bado. Aliangalia kiti, akaangalia maji, akamwangalia mkewe, ambaye alikuwa ameketi juu ya begi amejishika mdomo na mabega yanamtikisika.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Lakini mimi ndiye Mkurugenzi."

"Ndiyo maana nilifuata utaratibu bila upendeleo. Uliniagiza mwenyewe." Naibu aliweka glasi mkononi mwake kwa upole. "Pole sana na jino."

Pembeni, Mama Popo alikuwa anakunja wavu wake. Juu ya paa popo wachache walikuwa wanazunguka, wanatua kwenye pembe, wanapapasa simenti, wanaruka tena.

"Hao nao wanataka nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hawajaamini," alisema Mama Popo. "Watazunguka kidogo. Wakishaelewa wanakwenda kwenye sanduku."

Mkurugenzi aligeuza shingo akaliangalia sanduku juu ya nguzo, na utepe wake aliokata mwenyewe bado unapepea.

"Usilipigie hesabu," alisema mkewe. "Dada yangu ana kochi."

Popo wa kwanza aliuacha ukuta. Akapita juu ya vichwa vyao, akatua kwenye sanduku, akalikagua, akaingia. Wa pili akamfuata.

Mkurugenzi alikunywa maji, akashukuru, akarudisha glasi. Kisha akachukua ndoo, akaenda kulijaribu tena dirisha la bafuni.