Upinde wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Kiongozi wa bendi kasema baada ya harusi ya Jumamosi atabaki mmoja: mimi na gitaa langu, au yule kijana wa kinanda cha umeme tunayemwita Kinanda. Nje ya bendi mimi sijui kazi nyingine. Baba wa bibi harusi anataka fidla zilie binti yake akiingia ukumbini. Kinanda akabonyeza kitufe. Fidla ishirini! Akanitazama kama anayenipa pole ya msiba. Damu ikanichemka. Nikatangaza mbele ya wote kwamba nitaleta fidla ya kweli, kwenye gitaa la umeme, kwa upinde, ule ufito wenye nywele unaovutwa juu ya nyuzi. Niliwahi kuona picha ya mtu akifanya hivyo. Picha haikuwa na sauti, lakini uso wake ulionyesha inawezekana.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji, mdogo wake mke wangu, anafundisha fidla na anakaa kwetu. Ana upinde mpya ambao hajautumia, uko chini ya kitanda chake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama. Nimeuazima tu, kumwambia nitamwambia baadaye.

Nikachomeka gitaa, nikavuta. Kimya. Nikavuta kwa nguvu. Kimya! Upinde unateleza juu ya nyuzi kama mkono juu ya paka. Nikasema amplifaya imekufa. Nikaifungua, sikuona ugonjwa, nikaifunga. Zikabaki skrubu tatu zisizo na kwao. Sasa imekufa kweli. Mke wangu kachungulia, kauliza kama ninalipangusa vumbi.

Jumatano, 5 Juni
Nimefikiri sana. Kitu kikavu dawa yake mafuta. Nikazipaka nywele za upinde mafuta ya kupikia. Halafu nikakumbuka: bawaba ya mlango hulia ikiwa kavu, ikipakwa mafuta hunyamaza. Kwa nini akili yangu hufika mambo yameshaharibika? Nikaziosha kwa sabuni ya vyombo.

Jioni nikamwuliza shemeji, kwa niaba ya rafiki. Akasema upinde mpya haulii kamwe mpaka usuguliwe ulimbo, ule utomvu mkavu wa mti, ndipo nywele zishike nyuzi. Na mafuta je? Akasema anayepaka mafuta afungwe. Kisha akataka kujua ni rafiki gani huyo mwenye upinde, maana wake hauonekani. Nikashikwa na kikohozi.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi redio kaja kuifufua amplifaya. Ndani ya boksi lake nikaona kipande cha ulimbo. Anautumia kulehemu nyaya. Nikamwomba. Nikasugua mpaka mkono ukauma. Nikavuta. Mungu wangu, imelia!

Shida sasa: nyuzi za fidla zimepangwa kama mgongo wa kilima, kila mmoja unaufikia peke yake. Za gitaa zimelala sawasawa, ukigusa mmoja umegusa ukoo mzima. Zikapiga yowe zote pamoja. Jirani kaja mbio kuuliza nani anaumwa. Nikaona bora kupunguza ukoo. Nimeng'oa nyuzi tano, umebaki mmoja. Unalia kama mlango, lakini mlango wenye hisia.

Jumamosi, 8 Juni
Siamini. Bibi harusi kaingia. Nikafumba macho, nikavuta. Mara ya kwanza gitaa likanguruma, roho ikaniruka. Mara ya pili, fidla! Laini, tamu, nyingi! Uzi mmoja tu, nazo zinasikika kama ishirini! Machozi yakanitoka. Nikapiga magoti, nikaliweka gitaa kisogoni, nikaendelea kuvuta. Nilipofumbua macho, wageni wanafuta machozi, wengine wamejishika mbavu. Kinanda kainamia kinanda chake, jasho linamtoka, kidole hakibanduki kwenye kitufe. Wivu tu.

Baadaye fundi wa sauti kaniambia alisikia ule mngurumo, akadhani ni hitilafu, akachomoa waya wangu palepale. Sielewi. Sasa nilipiga kwa kitu gani? Nikamwuliza Kinanda. Akacheka mpaka akakaa chini.

Shemeji naye alikuwepo. Kautambua upinde. Kaunusa. Kaniuliza mbele ya watu kwa nini unanuka kama jikoni. Nikasingizia chakula cha harusi.

Jumapili, 9 Juni
Kiongozi kaja asubuhi. Nikajua ndiyo basi. Kasema baba wa bibi harusi hajacheka vile tangu azaliwe, na ana binti mwingine. Nimebaki! Kinanda naye kabaki, sijui kwa lipi. Sharti ni moja: nipige vilevile, na waya wangu usichomekwe kamwe.

Nimekaa nikatafakari. Jumanne nilichomeka, kimya. Alhamisi nikachomeka, yowe. Jumamosi bila waya, fidla ishirini. Miaka yote hii kumbe adui alikuwa waya!

Shemeji kauficha upinde juu ya kabati. Si neno, viti vipo. Kinanda nimempigia simu, maana sina kinyongo. Nimemshauri kwa nia njema kabisa: harusi ijayo naye achomoe wake.