Zambarau kwa Sendofu ya Anjelina

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeteuliwa! Yaani nimejiteua, na hakuna aliyewahi kunizuia. Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga shemeji yangu Anjelina kabla ya harusi, ilikuwa inajadili zawadi ya kumpa kila mgeni anapoondoka. Mmoja akataja glasi. Mwingine vitambaa vya mezani. Watu wasio na ndoto! Nikasimama nikasema: sabuni za kutengeneza kwa mkono, rangi ya sherehe, zambarau. Mke wangu Raheli akatazama sakafu. Mwishowe wakakubali, nadhani kwa uchovu.

Mwanaidi, jirani yetu hapa Kikuyu, Dodoma, anayetengeneza sabuni na kujitangaza kama redio, akapata habari. Akaja ukutani kunishauri. Eti nichague rangi inayovumilia kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Eti pambo la ndani nalo liwe sabuni: kwanza natengeneza sabuni ya rangi, naikata vipande, kisha naimwagia nyeupe juu yake. Sabuni ndani ya sabuni! Huo ni ubunifu? Ni sawa na kula ugali kwa mboga ya ugali.

Jumamosi, 6 Septemba

Makutupora, shambani kwa baba mkwe, Mzee Bartolomayo. Shikamoo yangu ilikuwa ya chini hadi mgongo ukauma. Mzee huyu hajanipenda tangu nilipopeleka posa. Nikamweleza mpango: juisi ya zabibu zake ndiyo itie rangi, na zabibu nzima zikae ndani ya kila sabuni kama vito.

Alitabasamu! Akachuma mwenyewe, vichala vizuri kuliko vyote, akanijazia kreti. Akasema, "Basi mwanangu ataondoka na shamba langu mkononi." Macho yakamlowa. Nikamwahidi zambarau ambayo askofu ataionea wivu.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada, kazi. Mafuta tayari. Maji ya kostiki tayari. Nikamimina juisi.

Ikawa bluu. Nikashangilia. Ikawa kijani. Nikainama nitazame vizuri. Ikawa kahawia, kama maji yaliyooshewa gari lililopita kwenye tope wiki nzima. Nikakoroga kwa hasira. Ikazidi.

Raheli akauliza kwa upole kama amwite Mwanaidi. Amwite! Mwanamke ambaye sabuni zake zinafanana na chaki! Nikadumbukiza zabibu, nikamwaga pakiti nzima ya glita, ule unga wa dhahabu unaometameta, iliyobaki tulipotengeneza kadi za Krismasi, nikafunika. Rangi imechoka tu. Ikipumzika itarudi.

Ijumaa, 26 Septemba

Haikurudi.

Leo nimekata. Zabibu zimenywea ndani, nyeusi, ndogo, za duara. Mwanaidi akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, hicho kinyesi cha mbuzi umekitia makusudi, au mbuzi aliingia mwenyewe?"

Akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Huyo ni mtu wa kumzungumzisha habari za sanaa? Nimezipa sabuni jina, Dhahabu ya Nyanda za Kati. Jina zuri hufunika mengi.

Kikwazo kidogo. Baba mkwe amefika jioni hii. Keshokutwa anatoa shukrani kanisani kwetu kwa ajili ya binti yake, na anataka awe wa kwanza kuoga na sabuni ya zabibu zake. Nilimwambia bado hazijakomaa. Akasema yeye ni mkulima, hana haraka lakini ana haki.

Jumapili, 28 Septemba

Baba mkwe aliosha kichwa nayo. Kichwa chenye upara.

Glita haikutoka kwa maji. Haikutoka kwa mafuta ya alizeti. Raheli alisugua kwa taulo mpaka mzee akamwomba aache. Basi akaenda hivyo hivyo. Alipopita mbele ya kanisa kutoa shukrani, mwanga wa dirishani ukampiga utosini, na kwaya nzima ikapoteza sauti. Bibi mmoja akafumba macho, akaanza kuomba.

Tulipofika mlangoni kwetu mzee akaniuliza, "Cornel, zabibu zangu ulizifanyia nini?"

Wala hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. Nikamweleza kwamba tatizo ni jua la Dodoma, ni kali kupita kiasi. Raheli akaingia chumbani akafunga mlango. Nikamsikia akipiga simu, akisema "tafadhali" mara nyingi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Usaliti!

Ukumbini kwenye sendofu, juu ya meza ya zawadi: sabuni nyeupe, ndani yake vipande vya zambarau vimekatwa safi, vinang'aa kama zabibu za alfajiri. Za Mwanaidi! Raheli ndiye aliyempigia. Na huyo Mwanaidi alikuwa amezitengeneza tangu mwanzo wa Septemba, akijua nitaharibu. Dharau gani hii?

Nikaketi kwa heshima yangu. Kisha MC, ambaye mikononi alikuwa na ratiba ya zamani, akatangaza kuwa fundi wa sabuni hizi nzuri ni shemeji Cornel. Makofi! Vigelegele! Ningefanya nini? Nikasimama. Nikainama. Nikachukua kipaza sauti nieleze kidogo jinsi wazo lilivyonijia.

Mwanaidi akakatiza katikati ya meza, akaninyang'anya kipaza sauti.

"Samahani wageni wetu. Za huyu zipo nyumbani kwake, zinasugua masufuria."

Ukumbi mzima! Hata baba mkwe alicheka, na sikujua ana meno mengi hivyo. Anjelina alicheka mpaka machozi yakamharibia poda, mpambaji akaja mbio. Raheli peke yake hakucheka. Alinivuta koti nikakaa, akanishika mkono chini ya meza. Nadhani alikuwa ananiomba radhi.

Jumapili, 5 Oktoba

Anjelina amekuja. Wiki ijayo ni harusi, kisha anahamia Busi, Kondoa, ambako mchumba wake anafundisha. Akaomba sabuni moja. Ya kwangu! Ya kahawia! Akamwambia dada yake kwamba huko ugenini, siku atakayotukumbuka sana, ataitoa aitazame, acheke. Wakakumbatiana, wakalia.

Sehemu ya kucheka sikuielewa. Ila la muhimu nimelisikia: anaitaka. Soko la Kondoa limefunguka!

Raheli alipoona nimeshika kisu na ndoo akasema, "Baba Henry, nakusihi." Mke mwema, ila macho ya biashara hana. Nimekwisha menya biti, ile mizizi myekundu ya saladi, ndoo nzima. Sabuni nyekundu za Krismasi. Zabibu ni tunda laini, ndiyo maana lilishindwa. Biti limekulia ardhini, limezoea shida, kostiki halitaiogopa. Na ndani nitatia vipande vya embe, vibichi kabisa, vionekane.